Maswali yenu ya PR: barua ya mistari miwili, siku 193, na mtoto asiyetajwa kwenye fomu

Wadau habari zenu. Tangu niliposema kwamba safari hii tutaongelea ukaazi wa kudumu, PR kama wenyewe mnavyoiita, maswali yamemiminika mpaka nikakosa pa kuanzia, nimechagua saba. Wengi mnaandika mkidhani shida yenu ni pointi au ni bahati, lakini nikisoma barua moja baada ya nyingine naona shida ile ile: kazi mmefanya, miaka mmemaliza, ila karatasi ya kuthibitisha hamna, au ipo na inasema kitu kingine. Yule afisa anayefungua faili lako hajawahi kukuona, hajui ulivyohangaika, yeye anasoma karatasi tu. Mimi sio mwanasheria, nimepitia hii njia mwenyewe na nimesaidia wenzangu kadhaa kuipita, kwa hiyo kama una kesi ya kukataliwa viza au kufukuzwa nchi tafadhali tafuta mwanasheria, usisubiri jibu la gazeti.

Swali: Dada shikamoo. Mimi ni injinia wa umeme, miaka 34, sijaoa, nina digrii moja na kazini huu mwaka wa 8. Nimefungua profaili ya Express Entry, ule mfumo wa Kanada wa kuchagua wahamiaji kwa pointi, lakini kila wakichagua watu mi nabaki kuangalia tu. IELTS, ule mtihani wa Kiingereza, nilipata kusikiliza 8, kusoma 7, kuongea 7, kuandika 6.5. Nafikiria nikasome masters ya miaka miwili niongeze pointi. Halafu HR wa kampuni niliyotoka wamenipa barua ya mistari miwili, wanasema ndo utaratibu wao. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Kabla hujalipa ada ya masters hebu iangalie vizuri hiyo 6.5 ya kuandika, manake hapo ndo pointi zako zimelala. Kanada wanapima lugha kwa ngazi zao wanazoita CLB. Wewe kusikiliza, kusoma na kuongea tayari uko ngazi ya 9, kuandika peke yake ndo kumebaki ngazi ya 8. Ukipata 7 kwenye kuandika unaongezewa pointi 8 za lugha yenyewe, sio nyingi, lakini kuna zile pointi za kuunganisha lugha na digrii, na lugha na uzoefu wa nje, ambazo zinataka ngazi ya 9 kwenye VYOTE vinne. Ukikosa kimoja umekosa. Kwa mtu kama wewe mwenye digrii moja, ile ya digrii inapanda kutoka 13 hadi 25, na ile ya uzoefu wa miaka 3 au zaidi inapanda kutoka 25 hadi 50. Jumlisha zote: 8, na 12, na 25. Pointi 45 kwa nusu alama ya insha.

Sasa weka masters pembeni yake. Kwa lugha uliyonayo leo masters itakupa pointi 15 za elimu na 12 za kuunganisha, jumla 27, lakini miaka miwili ya kusoma itakutoa 34 ikupeleke 36, na umri peke yake unakula pointi 11 hapo katikati, umebaki na 16. Sisemi masters ni mbaya, ukishafika ngazi ya 9 inalipa zaidi, ila usikimbilie mlima wakati kuna kichuguu mbele yako. Chukua miezi mitatu uandike insha kila siku, mtafute mtu wa kukusahihisha bila huruma, rudia mtihani. Na kama una moyo wa kujifunza Kifaransa, anza sasa hivi, kwa sababu ukifika ngazi ya 7 kwenye stadi zote nne za Kifaransa na Kiingereza chako hicho unaongezewa 50, na tangu 2023 wanachagua watu wa Kifaransa kwenye kundi lao peke yao ambalo mara nyingi linataka pointi chache kuliko makundi mengine. Kumbuka tu matokeo ya mtihani wa lugha yanaishi miaka 2, usiyaache yakafa ukiwa kwenye foleni.

Twende kwenye barua, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu imenigusa. Barua yangu ya kwanza mimi nilipoomba ilisema hivi: tunathibitisha kwamba mtajwa hapo juu alikuwa mwajiriwa wetu, tunamtakia kila la heri. Basi, muhuri, sahihi. Miaka minne ya kazi, usiku na mchana, wikendi nimeitwa nimeenda, imekuwa mistari miwili. Nilirudi HR mara tatu nikaambiwa hawana fomu nyingine. Nililia kwenye gari, sina aibu kusema.

Kanada wanataka barua iwe kwenye karatasi yenye nembo na anwani ya kampuni, ina jina lako, cheo, tarehe ya kuanza na kumaliza, masaa kwa wiki, mshahara wa mwaka pamoja na marupurupu, majukumu yako, na jina, cheo na sahihi ya anayeandika. Watu wengi wanasahau masaa. Masaa ndo yanayohesabu mwaka wako, mwaka mmoja wa uzoefu kwao ni masaa 1,560, yaani 30 kwa wiki, barua isiposema masaa afisa hawezi kukuhesabia. Na majukumu ndo roho ya barua, kwa sababu afisa anachukua orodha ya kazi za serikali yao inaitwa NOC, anaweka pembeni, anauliza huyu mtu kweli alikuwa anafanya kazi hii anayodai? Cheo hakimsaidii, kuna watu wanaitwa mameneja kumbe wanatunza stoo, na kuna watu wanaitwa mafundi kumbe wanasanifu mitambo mizima. Ila usiinakili ile NOC neno kwa neno, inaonekana waziwazi na inaleta mashaka. Andika kazi uliyofanya wewe: nilikuwa nasanifu paneli za umeme za majengo ya kiwango gani, nasimamia mafundi wangapi, nakagua nini kabla mteja hajakabidhiwa.

HR wakigoma kabisa, fanya nilivyofanya. Nilimtafuta bosi wangu wa moja kwa moja, yule aliyekuwa ananipa kazi kila asubuhi, alikuwa ameshahamia kampuni nyingine, nikamwomba aandike anachokijua yeye kuhusu majukumu yangu na aseme alikuwa nani kwangu. Nikaambatanisha ile barua ya mistari miwili (usiitupe, inathibitisha tarehe), mkataba, hati za mshahara, karatasi za kodi, na maelezo yangu mwenyewe ya nusu ukurasa kwamba kampuni haitoi barua ndefu na huu hapa ushahidi wa kuomba kwangu, nikaweka na imeili za HR walizonijibu. Mkataba wenyewe niliukuta kwenye bahasha ya kaki imeliwa na mende pembeni, bado kidogo wale sahihi ya mkurugenzi. Hiyo kazi yote ifanye SASA kabla hujachaguliwa, kwa sababu ukishapata mwaliko una siku 60 tu za kutuma kila kitu na HR hawajui habari za siku zako 60.

Swali: Habari dada. Mimi ni nesi, nipo Uingereza kwa viza ya Skilled Worker, ile ya kazi ya kudhaminiwa na mwajiri, nakaribia kutimiza miaka 5 nataka kuaplai kibali cha kukaa moja kwa moja. Mama yangu aliugua sana, karibu tumpoteze, nikasafiri mara mbili kumuuguza kwa ruhusa ya mwajiri. Mara ya kwanza niliondoka 1 Novemba nikarudi 20 Januari, mara ya pili 5 Juni nikarudi 28 Septemba ya mwaka huo huo. Nimehesabu kila mwaka sijavuka siku 180. Niko salama? Na ni kweli wamepandisha ikawa miaka 10?

Jibu: Pole sana kwa mama, natumaini anaendelea vizuri. Ulivyohesabu ndivyo wengi wanavyohesabu na ndipo wanapoanguka. Sheria haisemi siku 180 kwa mwaka wa kalenda, inasema usizidishe siku 180 nje ndani ya miezi 12 YOYOTE, ukianzia popote. Kaa mezani na pasipoti yako na kalenda tuhesabu wote. Siku ya kuondoka na siku ya kurudi hazihesabiwi, zinahesabiwa siku nzima tu. Safari ya kwanza, 2 Novemba mpaka 19 Januari: Novemba 29, Desemba 31, Januari 19, ni 79. Safari ya pili, 6 Juni mpaka 27 Septemba: 25, 31, 31, 27, ni 114. Ukihesabu kwa kalenda mwaka wa kwanza una 60 na wa pili una 133, unaona raha. Lakini kutoka Novemba ile mpaka Septemba ile haijafika miezi 12, kwa hiyo zote zinaangukia dirisha moja: 193. Umezidisha 13.

Usishtuke bado. Sheria yenyewe inaruhusu siku zisihesabiwe kama ulikuwa nje kwa sababu nzito za kibinadamu, na ugonjwa wa kutishia maisha wa ndugu wa karibu umetajwa humo. Lakini haitoshi kusema mama alikuwa anaumwa. Unahitaji barua ya daktari inayosema ugonjwa ulikuwa wa kutishia maisha na tarehe zake, karatasi za kulazwa, cheti chako cha kuzaliwa kuonyesha huyo ni mama yako, na barua ya mwajiri kuhusu ruhusa. Hiyo ya mwajiri iseme wazi ulikuwa unalipwa au hulipwi, kwa sababu likizo bila malipo ikizidi wiki 4 ndani ya mwaka mwajiri anayekudhamini ana masharti yake ya kufuata, na kama hukuwa unalipwa nenda kwa mwanasheria kabla ya kutuma chochote. Na zile siku zitaje mwenyewe kwenye fomu, zote, usisubiri wazigundue.

Habari ya miaka 10: Mei 2025 serikali ilitangaza mpango wa kufanya muda wa kawaida uwe miaka 10 badala ya 5. Kinachokuhusu wewe ni sheria inayofanya kazi siku unayotuma maombi, kwa hiyo wiki hiyo hiyo ingia tovuti ya serikali usome mwenyewe, sio sauti ya mtu wa grupu la wasapu. Kwa utaratibu wa miaka 5 mtu anaruhusiwa kutuma hadi siku 28 kabla hajatimiza, na kwenye mazingira ya sheria zinazobadilika mimi nisingepoteza hata siku moja ya hizo. Ule mtihani wa Life in the UK, wa kuijua nchi yao, ufanye mapema, maswali 24, dakika 45, unatakiwa upate 18. Nesi aliyezoea mitihani ya leseni huo hautakusumbua.

Swali: Mambo dada, mimi ni mtu wa programu, nipo Ujerumani na Blue Card, kile kibali cha kazi cha wenye ujuzi, mwezi wa 20 huu. Ofisini tunaongea Kiingereza, Kijerumani changu ni cha kununulia tiketi ya treni. Jamaa yangu kapata kibali cha kudumu kwa miezi 21, mi itakuwaje?

Jibu: Jamaa yako alikuwa na Kijerumani cha B1, yaani ngazi ya kati. Mwenye Blue Card akiwa na B1 ni miezi 21, akiwa na A1, ngazi ya mwanzo kabisa, ni miezi 27, yote ukiwa kazini na michango ya pensheni inalipwa. Kwa hiyo tofauti yenu ni miezi 6, na kutoka Kijerumani cha treni mpaka B1 kwa mtu anayefanya kazi masaa 40 miezi 6 inaweza isitoshe. Mimi kwa upande wangu ningefanya cheti cha A1 haraka, ningelenga mwezi wa 27, na ningeendelea kusoma taratibu bila presha. Kuna na ule mtihani wa kuijua nchi, maswali 33, kwa kibali cha kudumu unatakiwa upate 15.

Kitu ninachokusihi ni hiki: omba miadi ya ofisi ya wageni mapema, kwenye miji mikubwa foleni ni ndefu, watu wametimiza masharti wakakaa miezi wanasubiri siku ya kuonana na afisa. Na chapisha historia yako ya michango ya pensheni leo uikague mwezi kwa mwezi, ukikuta mwezi una shimo kwa sababu ulibadilisha kazi, ni bora ulijue ukiwa na miezi 7 mkononi kuliko mbele ya dirisha la afisa.

Swali: Dada naomba msaada wa haraka. Kuna wakala anasema atanitafutia barua ya ofa ya kazi Kanada inayoongeza pointi 50, nimlipe nusu sasa na nusu nikichaguliwa. Anasema fomu atajaza yeye mi nisaini tu. Mimi ni mhasibu, watu wengi amewasaidia.

Jibu: Usimlipe. Pointi za ofa ya kazi kwenye Express Entry ziliondolewa tarehe 25 Machi 2025, zile 50 na hata zile 200 za vyeo vya juu, hazipo tena. Kwa hiyo anakuuzia kitu ambacho hata kingekuwa halali kisingekuongezea pointi hata moja. Ama hajui, ama anajua na anakuibia, na yote mawili hayafai.

Hata kama zingekuwepo, ofa ya kununua ni udanganyifu kwenye maombi, na adhabu yake kwa Kanada ni kufungiwa miaka 5, na anayefungiwa ni wewe mwenye jina na sahihi, sio yeye. Utasema sikujua, fomu ilijazwa na wakala, watakwambia ulisaini kwamba umesoma. We ni mhasibu mdogo wangu, ungesaini hesabu za kampuni ambazo hujazisoma? Fomu ya maisha yako nayo ni hivyo hivyo. Kuna washauri halali kabisa, Kanada wana chombo chao cha kuwasajili na orodha iko wazi kwa kila mtu, unaandika jina au namba ya leseni unaona kama yupo na kama hajasimamishwa. Asiyekuwepo humo, na sio mwanasheria mwenye leseni, haruhusiwi kukutoza hela kwa ushauri wa uhamiaji wa Kanada hata awe amesaidia kijiji kizima. Na hata ukimpata wa halali, akaunti ya maombi ifunguliwe kwa imeili unayoifikia wewe, na nakala ya kila ukurasa uliotumwa ubaki nayo.

Swali: Dada naomba usinitaje hata herufi ya kwanza. Mimi na mke wangu tunaomba PR ya Kanada, maombi yapo kwa jina langu. Nina mtoto wa miaka 9 niliyempata kabla ya ndoa, anaishi na mama yake, namtunza lakini mke wangu hamjui. Nataka nisimtaje kwenye fomu, nikifika huko na kutulia ndo nimchukue. Kuna shida?

Jibu: Kuna shida kubwa kaka yangu, na nakujibu kwa upole lakini nakuomba usome mpaka mwisho. Sheria ya Kanada inataka uwataje wanao wote wanaokutegemea, hata asiyesafiri na wewe, hata anayelelewa na mzazi mwenzio, na mtoto ambaye hajaoa au hajaolewa na yuko chini ya miaka 22 anahesabika hivyo. Sio kumtaja tu, anatakiwa apimwe afya pia pamoja na nyie. Mtoto ambaye hakutajwa na hakupimwa wakati mzazi anapata PR, baadaye mzazi akitaka kumdhamini kama familia, sheria inamwondoa kwenye familia. Yaani ule mpango wako wa kutulia ndo umchukue, kumficha ndo kunauvunja. Na juu ya hapo ni udanganyifu, miaka 5 ya kufungiwa ikigundulika mapema, na ikigundulika umeshapata, hata PR yenyewe inaweza kunyang'anywa.

Fikiria siku mwanao ana miaka 16 anakuuliza baba kwa nini mimi siwezi kuja, na jibu la kweli ni kwamba kulikuwa na kisanduku kimoja kwenye fomu ukakiacha wazi. Mimi nimeona familia moja kwenye hali hiyo, baba alikuwa na kila kitu, nyumba, kazi nzuri, na kila likizo anasafiri kwenda kumuona binti yake wiki mbili. Sitaki uwe wewe.

Kwa hiyo lazima uongee na mkeo, hakuna njia ya pembeni, kwanza naye anasaini fomu zake na majina ya watoto wako yatakuwa humo. Ongea naye kabla ya maombi. Mchukue mzee au shangazi mnayemheshimu wote awepo kama unaogopa. Na anza kuongea na mama wa mtoto pia, kwa sababu itahitajika ushirikiano wake kwenye vipimo, na siku mtoto akitaka kusafiri itahitajika ruhusa yake ya maandishi. Kama mtoto hatakwenda na nyinyi sasa hivi, mwandike kwamba hasafiri, apimwe, basi, mlango wake unabaki wazi. Kama mmeshatuma maombi bila yeye, usikae kimya, wajulishe haraka kabla uamuzi haujatoka, na hiyo usiifanye peke yako, nenda na mwanasheria.

Swali: Hello dada, cheti cha kuzaliwa nina majina mawili, digrii ina matatu, pasipoti jina la ukoo limeandikwa na herufi moja tofauti. Nianzie wapi?

Jibu: Anzia kwenye pasipoti, hiyo ndo baba wa zote, jaza fomu kama ilivyoandikwa humo. Halafu kwenye ile sehemu ya kuuliza kama umewahi kutumia jina lingine, yaandike yote, hata lile la herufi moja, watu wanaona ni dogo wanaliruka. Tengeneza hati ya kiapo mbele ya mwanasheria inayosema majina haya yote ni ya mtu mmoja, iorodheshe kila cheti na jina lililomo. Kama muda unaruhusu rekebisha cheti cha kuzaliwa kwanza ndo uende kwenye vingine, kwa sababu vingine vyote vinakitegemea. Na cheti cha polisi kiombwe kwa majina yote, la sivyo utakipata safi kikarudishwa kwa kuwa kimekagua mtu nusu. Kwa Kanada kinatakiwa kwa kila nchi uliyoishi miezi 6 au zaidi mfululizo ndani ya miaka 10 iliyopita, kwa hiyo kama ulisoma au kufanya kazi nje, omba huko mapema, kuna nchi zinachukua muda mrefu.

Swali: Dada nimepata PR ya Kanada mwaka huu, nashukuru Mungu. Lakini baba yuko hoi na mimi ni mtoto pekee. Nikienda kukaa naye nikachelewa, PR itapotea?

Jibu: Nenda mwanangu, nenda kabisa. Kanada wanataka uwepo siku 730 ndani ya kila miaka 5, na sio lazima zifuatane, kwa hiyo una nafasi ya kuwa nje mpaka karibu miaka mitatu kwa jumla. Watu wanachanganya kadi na PR yenyewe. Kadi ikiisha muda wewe bado ni mkaazi, ila ukiwa nje hutaweza kupanda ndege kurudi bila kuomba hati maalumu ya safari, kwa hiyo angalia tarehe ya kadi kabla hujaondoka.

Kwa wenzako walioniuliza hili hili wakiwa nchi nyingine, hesabu ni tofauti sana na msiazimane majibu. Ujerumani kibali cha kudumu kwa kawaida kinakufa ukikaa nje zaidi ya miezi 6, na unaweza kuomba muda zaidi ofisini KABLA hujaondoka. Uingereza ni miaka 2 mfululizo. Marekani mwenye green card akitaka kukaa nje mwaka mmoja au zaidi anaomba kibali cha kurudia akiwa bado ndani ya nchi, na kibali chenyewe kwa kawaida ni cha miaka 2. Australia ukaazi wenyewe haufi, lakini ruhusa ya kusafiri uliyopewa nao ni ya miaka 5, ikiisha ukiwa nje unahitaji viza ya kurejea na hapo wataangalia kama umeishi kwao miaka 2 kati ya 5 iliyopita.

Wewe wa baba: nunua daftari dogo, ukurasa wa kwanza andika tarehe utakayoondoka, na kila ukivuka mpaka andika siku hiyo hiyo na uchomeke na kipande cha tiketi ya ndege, kwa sababu siku hizi viwanja vingi havigongi muhuri na miaka 4 ijayo hutakumbuka. Nakala za barua za hospitali ya baba zipige picha uzihifadhi. Mfikishie salamu zangu, umwambie namuombea.